Mwalimu Cephas Mokaya, Aliyejifunza Kukaa
1926 – 1969

Wasifu huu unasomwa na Walter Onyango, kaka wa mjane. Jamaa waliniomba niusome kwa Kiswahili kwa sababu ndugu wa marehemu hawasikii Kijaluo, na sisi watu wa Sindo Kikisii kinatupiga chenga. Waliniomba pia nisifanye mzaha. Hilo nitajaribu.

Mwalimu Cephas Mokaya alizaliwa Machi 1926 huko Nyaribari, Kisii, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bichage na marehemu Mama Bosibori. Mwaka 1933 wazazi wake walihamia hapa karibu na Migori kutafuta ardhi ya kulima, wakajiunga na kanisa la Wasabato. Mzee Bichage, ambaye tunaye hapa, hakupenda kuona mtoto ameketi. Cephas akitoka mtoni alipewa jembe, akiweka jembe chini alipewa ng'ombe, na akiwa malishoni na hao ng'ombe alitakiwa awe anasokota kamba. Alikua hivyo na hakulalamika.

Alianza shule ya misheni mwaka 1935, akaendelea hadi chuo cha walimu cha Kamagambo, alikohitimu mwaka 1948. Wenzake wanasema alikuwa akiamka kupiga kengele hata wiki ambayo si zamu yake, na wenye zamu walimwachia kwa moyo mkunjufu.

Jumapili tarehe 16 Desemba 1951 alimwoa dada yangu Filister. Filister alikuwa amesomeshwa na masista wa Asumbi na alikuwa Mkatoliki hasa. Mama yetu, Mama Leonida, alilia kwa kuwa bwana harusi ni Mkisii, kisha akalia tena alipoambiwa kwamba bwana harusi, kwa Usabato wake, hanywi chai. Kilio cha pili ndicho kilichokawia kwisha. Ndoa yenyewe ilikuwa nzuri, na Mungu aliwajalia Jedidah, Samweli, Kemuma na Nyasuguta.

Mwaka 1955 Mwalimu alifanywa mwalimu mkuu wa shule moja ya misheni nje kidogo ya Migori. Siku za shule alifundisha, na jioni aliamua kesi za wazazi. Jumapili, wakati sisi wengine tunanyoa ndevu, yeye alikuwa akifinyanga udongo na wazazi kujenga madarasa. Baada ya Uhuru watoto wakafurika, na kazi ikaongezeka. Alikuwa pia mzee wa kanisa, kwa hiyo Sabato ilipofika alihubiri hapa asubuhi, akatembea kwenda kanisa la pili, kisha la tatu, na njiani akasuluhisha wanakwaya. Yeye ndiye aliyetufundisha sote amri ya nne, kwamba siku ya saba ni ya kupumzika, na aliifundisha akiwa amesimama huku jasho likimtoka. Hakuna kati yetu aliyeona jambo la ajabu hapo.

Sabato ya tarehe 13 Juni 1964 alisimama kuomba mbele ya kanisa. Akasema, “Baba yetu,” akanyamaza. Watu walingoja. Mwishowe akafumbua macho, akasema, “Sina kitu,” akaketi. Wengine walisema amelogwa. Wengine walitafuta dhambi aliyoificha, na wakasikitika kidogo walipoikosa. Hospitalini hawakuona ugonjwa. Alilala na kuamka akiwa amechoka vilevile. Mtoto akianguka mbele yake alimtazama tu, na hilo ndilo lililomwogopesha Filister. Alinitumia ujumbe kwamba mume wake yuko hai lakini hayumo ndani.

Nilikwenda kuwachukua hadi Sindo. Kwa desturi zetu mkwe halali kwenye boma la mama mkwe wake, kwa hiyo nilimjengea nyumba ndogo nje ya ua. Na kwa desturi zetu mkwe hatumwi. Haombwi msaada, hapelekewi kesi, wala hakuna anayegombana mbele yake. Chakula kilimfikia kimefunikwa, na aliyekileta aliondoka. Mwalimu hakuwahi kuishi mahali ambapo hakuna anayemhitaji. Wiki za mwanzo aliteseka kuliko akiwa kazini, na mimi nilimwona na kumhurumia.

Siku moja tulisikia kelele. Mwalimu alikuwa ameona nyasi zimelegea juu ya nyumba ya mama yetu, akapanda kuzifunga. Mkwe juu ya paa la mama mkwe! Mama Leonida alijifunika uso kwa leso, akatoka bomani, akakataa kurudi. Alisimama kwa jirani akapiga kelele, “Mwambieni mkwe ashuke! Nani amemwambia nyumba yangu inavuja?”

Alishuka, akaketi chini na nyasi kichwani. Nilidhani ataona aibu. Akaniuliza, akiniita shemeji kwa Kijaluo, “Ora, kama siwezi kufanya kitu, mimi ni nani hapa?”

Nikamwambia, “Wewe ni mume wa dada yangu. Hiyo inatosha mpaka jioni. Kesho tutaona.”

Alinitazama sana, kisha akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Filister alikuja akaketi kando yake. Tulichinja mbuzi ili mama arudi nyumbani, na tangu siku hiyo Mwalimu alianza kulala usingizi wa kweli.

Baadaye akawa anakwenda ziwani na Kemuma, aliyekuwa na miaka saba, wakati mtoto akienda kuosha vyombo. Alimwambia aandike jina lake mchangani. Mtoto hakujua. Mwalimu mkuu, ambaye shule yake ilisifiwa Migori nzima, alikuwa na binti asiyejua herufi, na hakuwa na habari. Alinieleza jambo hilo kwa uchungu mwingi. Akaanza kumfundisha pale pale, polepole, na watoto wengine wa ufukweni wakasogea. Jioni moja alirudi akaniambia, “Nilikuwa nimesahau kwamba hii kazi ni tamu.”

Januari 1965 aliomba kufundisha darasa la kwanza katika shule ndogo karibu na Sindo, akahamia huko na familia. Alifundisha, na watoto wakienda nyumbani naye alikwenda nyumbani. Siku ya Sabato alikaa benchi la nyuma na mke wake, akiimba vibaya.

Mwezi wa Aprili Mzee Nyarangi wa kanisa alikuja na Mzee Bichage kumrudisha. Walimletea cheo kikubwa kuliko cha kwanza, kusimamia shule kadhaa.

Mzee Nyarangi alisema, “Mwalimu, huko kazi ya Mungu imelala.”

Mwalimu akamjibu, “Hapana, mzee. Mimi ndiye nilikuwa silali.”

Mzee Bichage akasema, “Mimi nilisomesha mwalimu mkuu. Sasa niko na mtu wa kufundisha a-e-i-o-u, na anakaa kwa wakwe kama ni yeye aliolewa.”

“Baba, nikirudi kule nitakufa,” Mwalimu alisema. “Nikikaa hapa utakasirika. Naomba ukasirike.”

Mzee aliondoka bila kugusa chakula, na kwa miaka minne hakukanyaga Sindo. Mwalimu alikwenda kumsalimu kila likizo. Mzee aliitikia salamu, basi. Furaha yote ya Mwalimu ilikuwa na shimo hilo, na hakulificha.

Februari 1969 alianza kuumwa ini. Alitibiwa Homa Bay, na mwezi wa Julai, ilipoonekana hatapona, aliomba aletwe hapa kwa baba yake. Hatukujua atapokewaje. Mzee Bichage alitoa kitanda chake mwenyewe.

Watu walikuja wengi, na kwa mazoea kila mmoja alikuja na jambo lake: ugomvi wa kwaya, mpaka wa shamba, ushauri wa shule. Mzee aliweka kiti mlangoni. Aliuliza kila aliyefika, “Umekuja kumwona, au umekuja na shida? Kama ni shida, peleka kwingine.” Alimrudisha Mzee Nyarangi mara mbili. Mimi nilipofika aliniambia, “Walter, nilifikiri amelegea. Kumbe mtoto wangu alikuwa anaishi, na mimi nimekosa kuona.” Kisha akaingia ndani, akaketi kando ya kitanda bila kazi yoyote mkononi, na Mwalimu akamshika kidole kama mtoto.

Mwalimu Cephas Mokaya alifariki asubuhi ya Ijumaa tarehe 15 Agosti 1969, baba na mke wake wakiwa wameketi karibu naye. Ameacha mjane, Filister. Watoto, Jedidah, Samweli, Kemuma na Nyasuguta. Baba yake, Mzee Bichage. Mama mkwe, Mama Leonida, ambaye kwa heshima amekaa mbali kule. Na darasa la kwanza zima.

Mungu amlaze pema Mwalimu wetu, naye apumzike. Asiitwe na mtu.