Adrian Kiogora, Fundi Aliyeifundisha Simu Kungoja Salamu

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Kama uko shambani, egemeza jembe kidogo, magugu hayakimbii. Leo tunamkumbuka Adrian Kiogora, fundi wa simu kutoka Nkubu, aliyetuacha majuma mawili yaliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Aliondoka asubuhi, ameketi kitini, baada ya kikombe chake cha pili cha chai. Bintiye, Kinya, ametuambia hivi: "Hakuumwa, hakutaabika. Tunalia, lakini roho zetu zimetulia."

Kwa wewe unayefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Adrian Kiogora, fundi wa simu.

Kiogora alianza kazi enzi za nguzo na nyaya. Alipanda nguzo kuanzia Nkubu hadi Gachoka, na hakuna mbwa wa njia hiyo ambaye hakumfahamu. Baadaye aliajiriwa na hospitali moja ndogo ya kibinafsi mjini Meru, atunze simu na mashine ya faksi. Huko ndiko alikotunga sheria yake. Faksi haitumwi kimyakimya kama mwizi. Unapiga simu kwanza, unamsalimu mwenzako, unauliza watu wa nyumbani, mvua na mbuzi. Kisha, kwenye simu ileile, unasema "haya, pokea," na kila mmoja anabonyeza kitufe cha mashine yake. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Kiogora alisema nusu ya pili ni salamu.

Mwanafunzi wake hodari alikuwa Wambeti, karani wa maabara moja mjini Embu. Kwa miaka kumi na minane walitumiana karatasi, na hawakuonana hata siku moja. Lakini mbuzi wa Wambeti kule Kiritiri, Kiogora aliwajua mmoja mmoja, kwa tabia.

Miaka mitatu iliyopita, hospitali iling'oa nyaya za zamani. Zikaja simu zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta. Mafundi wa kampuni walizipanga kwa siku mbili, wakaiunganisha faksi na kisanduku cheupe, wakaaga. Kiogora akaachiwa karatasi ya maelezo na paswadi ya kutazama tu. Kubadilisha kitu, hapana.

Wiki ileile, kulikuwa na mgonjwa aitwaye Rahema, mwenye duka la vitambaa, mke wa Abubakr wa buchari. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Kipimo cha kwanza kilisema ni saratani. Sampuli ikapelekwa Embu ikaangaliwe mara ya pili. Daktari wa upasuaji alikuwa akija Alhamisi moja tu kwa mwezi, na alisema wazi: majibu ya Embu yasipofika kwa maandishi kabla ya saa nne asubuhi, atafuata kipimo cha kwanza. Titi litaondolewa. Kungoja mwezi mzima na saratani mwilini, alisema, ni hatari zaidi.

Najua unauliza mbona wasitume kwa WhatsApp. Hospitali ilikataa. Majibu ya mgonjwa hayapiti kwenye simu ya mtu binafsi. Ni sahihi na mhuri, kwa faksi, basi. Na Wambeti hakuruhusiwa kumsomea mtu yeyote kilichoandikwa.

Alhamisi, saa mbili, Wambeti akapiga. Wakasalimiana kama kawaida. Wakabonyeza. Mashine ikapiga mluzi, ikatoa jina la Rahema, ikatoa umri wake, halafu mistari myeusi. Na hitimisho liko chini ya ukurasa. Wakarudia, kwa salamu fupi kidogo. Jina, umri, weusi. Kiogora akapunguza kasi ya mashine. Weusi. Akabadilisha waya. Mara hii hata jina halikutoka.

Abubakr alikuwa amesimama mlangoni, bado na koti jeupe la buchari. Alikuwa akiitazama mashine. Kiogora alimwambia bintiye baadaye kwamba afadhali yule mtu angemgombeza. Aliogopa, wasikilizaji. Mtu aliyezoea nguzo ndefu, leo ameshindwa na mashine ya mezani.

Saa tatu na robo, akaiacha mashine, akafungua kumbukumbu za simu kwenye kompyuta. Faksi ya bima kutoka Nairobi imefika safi. Ya muuza dawa, safi. Hizo zote, mluzi ulianza simu ilipopokelewa tu. Za Embu, mluzi ulianza baada ya dakika tatu. Akachukua ile karatasi ya maelezo, akasoma kwa kidole. Mtandao husikiliza mluzi wa faksi kwa sekunde kumi za kwanza. Usipousikia, unahesabu kwamba ni watu wanazungumza, na unaibana sauti yao ili ipite kwa wembamba. Sauti ya mtu ikibanwa, bado unaielewa. Faksi ikibanwa, inararuka.

Dakika tatu za salamu. Kikulacho ki nguoni mwako. Sheria aliyoitunga mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikichana majibu ya Rahema.

Akaipanga mashine ijipokelee yenyewe, kisha akampigia Wambeti kwa simu ya mkononi. Wambeti ametueleza mwenyewe: "Nilishika nikamsalimu, Muga, Baba Kinya. Akanikatiza. Hajawahi kunikatiza. Akaniambia, 'Wambeti, usinisalimie. Weka karatasi, piga namba, bonyeza, usiseme kitu.' Nikajua kuna mtu ako kwa shida."

Simu ikalia. Mashine ikashika. Mluzi. Jina. Umri. Na ukurasa ukaendelea kushuka, mweupe, mpaka sahihi, mpaka mhuri. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Kiogora hakuusoma, maana haukuwa wake. Aliukimbiza kwa daktari, pamoja na magoti yake mabovu ya uzee.

Haikuwa saratani. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa: haikuwa saratani. Uvimbe ulitolewa peke yake, na Jumamosi Rahema akaenda nyumbani mzima.

"Abubakr aliketi chini pale korido akacheka mpaka nesi akamletea maji," anasema Rahema. "Mimi baadaye nilimtafuta yule mzee nimshukuru. Nikamkuta kwa ngazi, amevua viatu, anapumua tu. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, mama, umeamkaje?"

Alasiri ile alimpigia Wambeti tena, wakasalimiana nusu saa, kufidia. Na wiki iliyofuata alimganda fundi wa kampuni mpaka mpangilio ukabadilishwa, mtandao usikilize mluzi wa faksi tangu simu inapoanza hadi inapokatwa. Fundi alisema ni rahisi zaidi watu waache kuzungumza. Kiogora akamjibu: "Sisi tutaacha kuzungumza tukifa. Wewe panga mashine." Mpangilio huo uko vivyo hivyo hadi leo.

Ijumaa tulimzika Nkubu. Rahema alikuja na Abubakr. Wambeti alitoka Embu alfajiri, na hiyo ndiyo siku aliyomwona Kiogora kwa mara ya kwanza. Alisimama kando ya jeneza akamsalimu kirefu. Watu wa nyumbani. Mvua. Mbuzi. Mhubiri alingoja, na sote tukangoja.

Kinya, ndugu zako, na jamaa wote wa Nkubu, poleni sana. Mungu awafariji. Baba yenu amepumzika, na kazi yake imekamilika.

Nawe msikilizaji, nikuombe jambo moja kabla jua halijatua. Mpigie mtu simu leo, na usiwe na karatasi ya kutuma.