Mama Ngollo Aliyekataa Kuruka Salamu

Kwa Uongozi wa Hospitali, watumishi wenzangu na wageni waalikwa: salamu kwa heshima na taadhima. Madhumuni ya maandishi haya ni kumuaga Bi. Imakulata Ngollo, mpokezi wa wagonjwa, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Pia ni kuwasilisha ombi, nililoliweka mwishoni.

Mama Ngollo ni mzaliwa wa Bukene. Usichana wake aliumalizia kwa shangazi yake Tunduru, jirani na wakimbizi wa Msumbiji. Kwao aliokota Kireno cha kisimani: kusalimia, kuuliza jina, kuuliza hali ya nyumbani. Hakuwahi kudai kujua zaidi. Madereva wa malori kutoka Msumbiji, waliopitia Sikonge kuja hapa Tabora, walimsikia wakacheka kwa furaha kama waliofika kwao.

Mwaka mmoja wakati wa masika, daktari wetu alikuwa mgeni kutoka India, hodari, asiyejua bado Kiswahili. Aliletwa mke wa dereva mmoja wa Msumbiji, mkono umeungua kwa uji. Foleni ilifika mlangoni. Mama Ngollo akasimama kati yao. “Bom dia” akaifikisha kwa daktari kuwa “Good morning”, “Como está?” ikawa “How are you?” Daktari akaomba kwa upole waende moja kwa moja kwenye mkono. Saidi wa dirisha la dawa, Mzaramo na mtani wetu sisi Wanyamwezi, akasema Mnyamwezi nyumba ikiungua huusalimia moto kwanza.

Mama Ngollo hakugeuka. Kwa Kiingereza alichojifunza kwenye masomo ya jioni, alijibu: “Daktari, bado hatujamaliza kusalimiana.”

Akauliza hali ya mume. Akauliza hali ya watoto. Hapo yule mama alisita, kisha akajibu:

“Mdogo yuko kwenye lori. Amelala tangu jana, haamki. Nilidhani ni uchovu wa safari.”

Daktari alikimbia mwenyewe. Malaria ilikuwa imempanda mtoto kichwani. Alipona. Nilikuwa nimeshika machela, na hadi leo mwili hunisisimka: maneno wanayoyasema watoto wakielekea shule yalimfikia mtu aliyekuwa akifa mahali ambapo hakuna aliyemwona. Tangu siku hiyo daktari hakumgusa mgonjwa kabla ya kuuliza habari za nyumbani. Saidi anaendelea kututania, ila kwa mambo mengine.

Kuanzia Julai mapokezi yatakuwa dirisha: mgonjwa atataja ugonjwa, atapewa namba. Elieth atakayeketi hapo ni mwepesi wa kompyuta na mwenye adabu, lakini hakuna aliyemwonyesha namna ya kuuliza habari za watoto.

Mama Ngollo, tunakushukuru. Upumzike vyema Bukene, na nyumba yako isikose wa kuisalimia.

Ombi: Mama Ngollo aruhusiwe kuketi na Elieth dirishani kila asubuhi kwa miezi mitatu kuanzia Julai, kabla ya kurudi Bukene. Wote wawili wameridhia. Naomba uamuzi wa Uongozi, ndiyo au hapana, kabla ya tarehe 30 Juni.

Vedasto Fikiri,
Mhudumu wa Machela