Asali ya Mwisho Katika Wanzuki

Sogeeni karibu, Melkiadi na wewe Jeniffer, mkae kitanda kimoja hata kama hamtaki, maana sauti yangu haifiki mbali tena na jambo hili sitaweza kulisema mara mbili.

Nyumba hii ya Kawajense ni yenu wote, na hilo mwenyekiti wa mtaa analijua. Nililowaitia ni wanzuki. Baba yenu Stanslaus ndiye aliyenifundisha kutengeneza hiyo pombe ya asali, lakini yake ilikuwa kavu, utamu wote umeliwa na chachu, na watu waliinywa hivyo hivyo mpaka siku ya posa yako, Jeniffer, mkweo mzee Mwandu wa Kakese alipoonja, akaweka kikombe chini polepole, akaniambia, "Mzazi mwenzangu, ni nzuri, ila inapita mdomoni kama maji." Alisema kwa upole, lakini wewe Melkiadi ulisikia, na kwa jinsi ulivyompenda dada yako hukutaka aaibike siku ya harusi. Ukatia asali mbichi kwenye chupa za wanzuki, ukaziba kwa nguvu, hukumwuliza mtu.

Chachu ilikuwa haijafa. Ilipopata asali ikaamka, na asubuhi ya harusi Jeniffer alipoingia stoo kuwachukulia wageni, chupa ikapasuka mkononi mwake, jicho la kushoto likapotea. Nilimwambia Mwandu kwamba wakighairi nitaelewa. Akanijibu, "Sisi tulikuja kuchukua mtu, mama, hatukuja kuchukua jicho." Wakasubiri upone, Jeniffer, wakakuoa. Ila nyie wawili tangu hapo mnasalimiana kupitia kwangu, na mimi nikiondoka hamtakuwa na wa kupitia.

Majirani walidhani nitaacha kutengeneza. Sikuacha, kwa sababu nilitaka kujua yale yalitokeaje, na sasa najua, kwa hiyo shikeni. Wanzuki ikiacha kutoa povu, iacheni itulie mpaka ing'ae, muimimine taratibu, machicha yabaki chini. Sufuria yake iwekeni ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, ipate joto la kuiua chachu, lakini isichemke, ikichemka mmeiharibu. Ikipoa ndipo mtie asali, kidogo kidogo, huku mnaonja. Uzito wa mdomoni hauletwi na utamu peke yake: asali nyingine pikeni mpaka iwe na rangi ya kahawa, mtie hiyo pamoja na chai ya rangi kali iliyopoa, na hapo kinywaji kinakaa kwenye ulimi. Halafu kiacheni kwenye dumu, kifuniko kimelegezwa. Mkiona povu linarudi, msitie kwenye chupa, hata kama wageni wako mlangoni.

Nisubirini nipumue.

Mizinga yote ya porini ni ya Melkiadi. Pipa, masufuria na wateja wa Majengo ni wa Jeniffer. Nimegawa hivyo kwa makusudi, ili mwenye asali asiwe na pipa na mwenye pipa asiwe na asali. Jeniffer, usiniangalie hivyo, sikuambii usahau. Kinachokuuma ni chako. Lakini kaka yako hajagusa mzinga tangu siku ile, nami nimeona anavyokonda. Na wewe Melkiadi, hujawahi kumwomba radhi kwa mdomo wako. Umetuma mbuzi, umetuma vitenge. Mwambie.

Iliyoko stoo imeshatulia. Ifanyeni kesho, nyie wawili. Melkiadi amimine asali, Jeniffer aonje na aseme basi. Mimi msiniletee, koo langu halipitishi kitu.

Mungu awalinde, awape watoto wanaoitana majina bila woga... awape... mikono yenu iko wapi? Ndiyo. Hivyo hivyo.

Sasa nendeni, nilale. Melkiadi, mshike dada yako akiinuka, kuna stuli upande wake wa kushoto, haioni.