Uzio wa Nambunda

Kijiwe chetu cha Magomeni, hapa Mtwara, kipo ubavuni mwa karakana ya Hashimu, mchomeleaji. Tuna mabenchi mawili, dele la kahawa la Athumani, na kopo ambalo kila anayekunywa hutumbukiza chenji yake. Chenji hiyo tumeichanga tangu Maulidi, na jana ilinunua nondo na wavu wa kuzungushia pale wanapochota maji wanawake wa Nambunda, kule mtoni mbele ya Kitaya, mamba wasiwafikie. Vijana wa huko wamekula kiapo: akichukuliwa mtu mwingine, wanatia sumu mtoni. Mamba watakufa, na samaki wanaolisha kijiji watakufa nao. Kesho tulikuwa twende kuchimbia nguzo, na kwa kweli tulikuwa tumejiona watu wakubwa sana.

— Chenji ya kahawa imeokoa mamba! alisema Sudi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Haba na haba hujaza kibaba.

— Imeokoa wanawake, Hashimu alimrekebisha huku akisugua nondo kutu.

— Wote, wote! Mamba asipokula mtu, mtu hana ugomvi na mamba. Mamba akiishi, anakula kambale. Kambale wakipungua, perege wanazaana. Nambunda wanauza perege mpaka Nanyamba, wanajenga zahanati.

— Yote hayo kwa kahawa yangu? aliuliza Athumani.

— Na kashata.

Mzee Abeid, mwalimu mstaafu, jina lake la kijiweni Bwana Mipango, akakohoa kidogo.

— Mnafikiri karibu mno. Mamba wa ng'ambo, Msumbiji, wakisikia huku hawauawi, watahamia wote. Watalii watawafuata. Ndege zitashuka Mtwara asubuhi na jioni. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mzee, hapo mgeni ni mamba, Hashimu alidakia. Mwenyeji anaponaje?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Tukiwa bado tunacheka, akaja mwanamke wa makamo, vumbi mpaka magotini.

— Asalaam aleikum. Shikamoo mzee. Mimi Somoe, natoka Nambunda. Nimeambiwa uzio wetu uko hapa.

Tulimwachia benchi zima. Mzee Abeid akamtandazia mchoro wake: nguzo huku, wavu huku, mlango huu. Somoe aliutazama kwa muda, akaweka kidole.

— Hapa ndipo mtakapochimbia?

— Kwa zege, binti yangu. Miaka ishirini haziyumbi.

— Ahsanteni, Mungu awalipe. Sasa mwezi wa kumi, mto ukirudi nyuma na kuacha mchanga mtupu, uzio nao utarudi?

Hata Redio alizimika. Vipimo vile tulivichukua masika, maji yamejaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika kule kiangazi. Niliona aibu.

— Wifi yangu Rehema alichukuliwa mwezi wa kumi, Somoe alisema taratibu. Maji tulikuwa tumeyafuata kule mbali, katikati ya mchanga. Tulipata ndoo tu.

— Mungu amrehemu, tuliitikia.

Hashimu aliweka nondo chini.

— Naweza kuzichomelea miguu, nguzo zisichimbiwe. Uzio utabebwa, ufuate maji. Ila utakuwa mzito. Nani ataubeba?

— Kaka yangu, sisi tunabeba maji kila siku kichwani. Chuma cha kubebwa na watu kumi kitatushinda?

— Mngetuambia mapema, alinung'unika Sudi.

— Nani alikuja kuniuliza?

Mzee Abeid alikuwa anakunja mchoro wake, anaukunja tena. Nilimwonea huruma, maana nia yake ilikuwa safi.

— Lakini binti yangu, hatukujiamulia. Tulimuuliza mwenyekiti wa kitongoji chenu. Mahali pale alituonyesha mwenyewe.

— Mwenyekiti huwa anachota maji?

Athumani alimimina kahawa nyingine. Hakuna aliyenyoosha mkono.