Mti Uliompa Mwaka: Maisha ya Maman Colombe Cibalonza

Tunamsindikiza dada yetu kwa uchungu, lakini leo familia haitajifanya nyenyekevu: tunajivunia.

Maman Colombe alizaliwa Mudaka, Aprili 1971. Cheti chake cha ubatizo kinasema 1972. Mti ulisema 1971, nasi tumeufuata mti. Mtaelewa kwa nini.

Alisoma shule ya msingi Mudaka, sekondari na chuo kikuu Bukavu, kisha Kisangani, ambako alijifunza kusoma mbao. Mwaka 1998 aliajiriwa kuwa mtafiti wa misitu, akachagua kuchunguza mafuriko ya zamani ya mito yetu. Kila mwaka mti huongeza duara moja ndani ya shina. Jiwe lililobebwa na mafuriko likiuchubua, kovu hubaki humo. Ukihesabu maduara kutoka gome hadi kovu, unajua maji yalipita mwaka gani.

Tarehe 17 Julai 1999 alifunga ndoa na Papa Cyprien Mugisho. Siku ya dote, mahari ilipotolewa, alipindua kiti cha wakwe ili aangalie mbao. Papa Cyprien alicheka: "Huyu bibi, hata kiti anaiuliza miaka!" Wakwe walicheka baadaye sana.

Mwaka 2011 kamati ya wazazi ya Mudaka ilitaka kujenga shule kwenye tambarare kando ya mto. Katika nchi ya vilima kama yetu, kiwanja cha tambarare ni bahati. Colombe akakataa, wakamwambia anaota. Akaleta mkutanoni kipande cha shina la sedrela, mti ulioanguka ukingoni, akaonyesha makovu matatu: la kwanza, alisema, ni la 1971. Mama yetu, ambaye hakuwa ameambiwa chochote, akasimama nyuma:

"Ule mwaka mayi ilibeba jiko yetu, njo nilimuzala huyu! Batême ilikuya mwaka ingine, bakaandika ile."

Shule ikajengwa juu, kwenye mteremko. Wazazi walinung'unika sana kupandisha matofali.

Mwaka 2023 alianza kuugua kansa ya titi. Aprili 2024, alipokuwa amelazwa hospitalini Katana, mimi mdogo wake Philémon nilimpigia simu: mto umefagia tambarare yote, saa nne asubuhi, saa ya masomo.

"Na batoto?"

"Bote bako mu classe."

Nilimsikia akilia. Alifariki tarehe 9 Agosti 2025.

Ameacha mume wake, Papa Cyprien, watoto wake Mireille na Elysée, mama yetu, sisi ndugu zake, na nyinyi wanafunzi mliosimama pale nyuma na uniformu zenu. Ninyi pia amewaacha, na amewaacha wazima. Apumzike kwa amani huku juu kilimani tunapomzika, mahali maji hayafiki.