Lambo Lililoondolewa Mpaka

Sufiani, Munira, sogeeni, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Sikilizeni wanangu, na usiniambie nipumzike, Sufiani; kupumzika kunakuja.

Mnalijua lambo letu la bondeni: upande huu Handeni, upande ule Korogwe, na mpaka wa halmashauri ukapita katikati, kana kwamba maji husoma ramani. Halmashauri yetu haikutoa tope kwa kuwa nusu ni la wenzetu, yao haikutoa kwa kuwa nusu ni letu. Lambo likafukika, na kila kiangazi tukapigana fimbo. Hapo ndipo mjomba wenu Hiza alipopoteza jicho, na aliyempiga ni kaka wa Castory wa upande wa Korogwe, wale watoto wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Tangu siku hiyo mimi na Castory hatukupeana hata salamu.

Mwaka huu mkasikia: halmashauri zote mbili zimevunjwa, tumeingizwa katika mamlaka moja kubwa ya mkoa. Mimi nilikuwepo. Afisa alisimama kwenye tuta, akasoma tangazo, akafunga mkoba wake. Basi! Mbingu haikunguruma. Nikayatazama maji: mpaka uliokula jicho la ndugu yangu ulikuwa umeondoka kwa pumzi ya mtu mmoja, na maji yametulia vilevile kama Mungu alivyoyaweka. Mara nikamwona Castory, mzee yule, anaingia majini na suruali yake, anavuka kuja kwetu.

“Mama Sufiani,” akaniambia, “sasa tutagombania nini?”

Nikamkaribisha nyumbani, akala.

Lakini msilewe, wanangu. Zamani mwenye uamuzi tulimfuata kwa miguu. Leo yuko mbali, na aliye mbali hasikii kilio cha mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkienda mkoani kudai katapila la kutoa tope, pandeni gari moja na wana wa Castory. Shamba nililorithi kwa mama yangu ligawaneni kama dini inavyoagiza; ila njia ya kushukia majini nimeitoa wakfu, asiizibe mtu, awe mwanangu au mkubwa wa huko.

Munira, niinue kidogo... hapo, yatosha. Radhi zangu mnazo, nyote. Mungu awape mioyo mipana... Na Castory akija mazikoni na jembe lake, watu watanong'ona... ninyi mpisheni... mpisheni achimbe.