Pori la Cyprien

Benchi letu liko juu ya mawe meusi ya volkano, kando ya barabara inayopanda Kibati, mbele ya jiko la kahawa la Mama Alima. Mwaka uliopita moto wa mlima Nyiragongo uliteketeza nyumba za juu. Mwaka huu ni waasi, na asubuhi ile mizinga ilisikika tangu tulipoamka. Cyprien, mchoraji wa mabango ya saluni, alikuwa ametandika katoni mezani, na juu yake ramani ya pori. Alikuwa anatunga mchezo: kila mutu anakuwa mukimbizi wa kubuni, anazungumza kama yeye, na dadu inaamua kama atavuka salama. Pori nalo lingekuwa na akili na sauti. Cyprien ndiye angelisemea, ila alikuwa bado hajajua ni akili ya namna gani.

— Pori yangu inasikia kwa mizizi, akasema. Ukikanyaga tu, imekujua.

— Inatofautisha buti na kandambili? akauliza Mama Alima.

— Sana! Kandambili inafunguliwa njia. Buti inapotezwa.

Habarurema akagonga kikombe. Tulimuita Makala, kwa vile alichoma makala, yaani mkaa, porini miaka mingi.

— Uongo! Pori haipendi mutu. Mimi niliikata, haikulia hata kidogo.

— Iko inakungojea, Makala, Cyprien akajibu. Ukiingia na shoka, miti inahama nyuma yako. Unatembea, unatembea, unajikuta pale pale.

— Basi ihamie mbele ya waasi! Iwazibie njia, watu walale!

— Na mulima ni dada yake, akaongeza Mama Alima. Pori ikikasirika, dada anatapika moto.

Mulipuko mukubwa ukapiga, karibu kuliko ile ya kwanza. Vikombe vikatetemeka. Lori la askari likapita mbio, tukainamisha macho mpaka vumbi likatulia.

— Endelea, Makala akasema polepole. Inakumbuka watu?

— Wote. Kila mutu aliyepita ndani yake.

Mwanamuke tusiyemujua alikuwa amesimama nyuma yetu na bidoni tupu ya maji, matope mpaka magotini. Alisema anaitwa Pascasie, ametoka Rutshuru kwa miguu, amekatiza porini.

— Hiyo pori inakumbuka wote?

— Wote, mama, Cyprien akajibu kwa ile sauti nzito aliyoipatia pori.

— Basi iniambie. Bwana yangu, Émile, tuliachana pale risasi zilianza. Alienda upande gani?

Cyprien akaiangalia rangi ya kijani aliyoipaka mwenyewe kwenye ramani, akaokota dadu, akaificha mufukoni.

— Unisamehe, mama. Ni mchezo tu.

— Nimeona ni mchezo. Nimeuliza tu.

Mama Alima akamushika mukono, akamuketisha, akamutilia kahawa. Makala akaisukuma katoni pembeni, akamusogelea.

— Njia za mule nazijua. Watu wa makala wangali wanatokea Kibati. Nitapanda kuwauliza leo hii. Alivaa nini?

— Koti ya kijani, akasema Pascasie. Nilimuchagulia mimi. Kijani ya majani, mutu yeyote asimuone.